Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: juu kuna nani?

Assalaam aleikum wanachama wenzangu wa jumuiya yetu ya madaiva, yaani wazamiaji, dada zangu, kaka zangu na nyie wadogo zangu. Katibu alinitayarishia taarifa ya kawaida yenye vichwa na vipengele, nimeiweka pembeni na hii naiandika mwenyewe, mana mwaka wetu umemezwa na jambo moja na nyote mnalijua, ile kazi ya kukwangua matumbo ya meli ilotangazwa kwenye grupu letu.

Yale mengine niyapitie haraka. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana ingawa wa Nungwi bado mnachelewa. Filta ya kompresa ya kujazia mitungi hewa tumebadilisha, na naomba tena, ule mpira wa kuvuta hewa usiwekwe upande wa moshi wa jenereta, karbonimonoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu wala ladha na ukiivuta chini ya maji madhara yake yanazidi kwa sababu ya presha. Kutoa nyavu zilokwama matumbaweni tulikwenda mara mbili, ya tatu kusi likatuzuia. Basi.

Sasa hiyo kazi. Masika inapoingia mnajua hali inavyokuwa, wageni hawapo, hoteli nyingi zinafunga, vituo vya mbizi vinabakisha mlinzi na mtu wa kuwasha injini za boti zisilale, na vijana wetu wanakaa barazani wiki sita saba bila ya senti. Hapo ndo ule ujumbe ulipoingia. Wanatakiwa madaiva kumi kwenda nje, kukwangua na kukagua matumbo ya meli zilotia nanga, dola 1,800 kwa mwezi, chakula na malazi juu ya kampuni, uwe na kadi ya Advanced au Divemaster, hivi vyeti vyetu vya mbizi za kitalii, uje na vifaa vyako, viza watashughulikia wao. Mimi niliupata kwa mtu ninaemuamini na nikautupia kwenye grupu letu kabla sijauliza lolote. Hapo nilikosea na naomba radhi mbele yenu, kwa sababu mtu akiona kitu kimetoka kwa mwenyekiti anajua kishapekuliwa. Ndani ya siku tatu wanachama wetu wawili walikuwa washatuma laki tatu tatu za "prosesi".

Siku ya nne kijana mmoja wa Pemba akanipigia, sitomtaja. Akanambia, "Ami, mbona nasikia mnataka kutuzuia? Tumbo la meli mita 12 tu, mie kisiwani Misali nawashusha wageni mita 25, kipi cha kunishinda hapo?" Sikuwa na jibu la kumpa palepale, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Jibu nililolitafuta wiki nzima ndo hili, nimelikusanya kwa kusoma na kwa kuwauliza watu walofanya kazi hizo kweli.

Kadi zetu zinatuambia mita 18, mita 30, na mwisho wa daiva wa burudani ni mita 40. Mita 12 inaonekana mchezo. Lakini kila tulichofundishwa kimejengwa juu ya kitu kimoja, kwamba likikufika la kukufika unaweza kupanda moja kwa moja mpaka kwenye hewa. Chini ya meli kubwa huwezi. Juu yako pana chuma bapa upana wa mita 20, 30, hata zaidi, giza, umejaa maganda yanayokata, na ukichanganyikiwa hujui ubavu uko upande gani. Huko si sawa na Misali hata kama mita ni chache.

Halafu hewa. Mtungi wa lita 12 ulojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha presha) una hewa lita 2,400. Ukiacha baa 50 za akiba unabaki na 1,800. Mita 12 presha ni baa 2.2, mtu anaeogelea taratibu anavuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, chini zinakuwa 44, anapata dakika 40. Sasa mpe chuma cha kukwangulia, apigane na mkondo, anafika lita 50 kwa urahisi, chini zinakuwa 110. Dakika 16! Na ule ujumbe ulisema mitungi sita kwa siku, na mwili wa mtu anaefanya kazi nzito unakusanya naitrojeni kuliko wa mtu anaetazama samaki, jedwali letu la muda wa kukaa chini halikupimwa kwa kazi ya namna hiyo.

Kinachonitisha zaidi ya yote ni matundu. Meli ina matundu ya kuvuta maji ya bahari kupoza injini, pampu ikiwa inafanya kazi na wewe uko karibu unavutwa ukabanwa. Chukulia tundu la sentimita 30 kwa 30, upande wako presha ya mita 10 za maji na upande wa pili patupu, nguvu inayokubana ni kama uzito wa kilo 900. Hakuna mwenzako wa kukuchomoa hapo hata mkiwa kumi. Na propela je? Propela inatulia mpaka mtu wa injini aamue kuizungusha, na mtu wa injini hakujui wewe.

Ndo mana wenye kazi hizi hawaendi na skuba, yaani mtungi wa mgongoni. IMCA, jumuiya ya kimataifa ya makontrakta wa baharini, haikubali skuba kwa kazi za offshore. Daiva wao anapata hewa kwa mpira kutoka juu, anazungumza na watu wa juu, yuko msimamizi asiezama ambae kazi yake ni yule mtu mmoja tu, yuko daiva wa akiba keshavaa tayari amekaa, injini na pampu zimefungwa kwa maandishi na hakiwashwi kitu mpaka msimamizi aseme, na chemba ya presha, ya kumtibia daiva aloumizwa na presha, inajulikana iko wapi.

Kwa hiyo tulipompigia yule wakala, mimi na mshika fedha, hatukumuuliza mshahara. Tulimuuliza, daiva akiwa chini, juu kuna nani? Akatujibu, "Mwenzake, wanapishana." Tukauliza bima, akasema kila mtu na yake. Na bima nyingi za daiva wa burudani hazilipi ukiumia kwenye kazi ya kulipwa namna hii, zisomeni. Tukauliza viza ya aina gani, ikawa ya utalii. Nikakata simu nikiwa natetemeka, wallahi, kwa kuwafikiria wale vijana.

Na hizo laki tatu, mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, wa kazi za baharini wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia pesa za kumtafutia kazi. Baharia anaweza kulipia cheti chake cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Hata mkibishana kama daiva ni baharia au siye, anaekuomba pesa kabla hujaona mkataba keshajieleza.

Wengi mnaniuliza kama ulikuwa utapeli au kazi ilikuwepo. Mie naogopa zaidi ingekuwa ya kweli. Utapeli umekula laki sita na zinauma, wale wawili hawajarudishiwa na namba haipatikani tena, lakini wako hapa na Jumanne tutawaona kwenye mkutano. Kazi ya kweli kwa masharti yale ingetuletea mtu kwenye sanduku.

Kuna mtu aliandika kwenye grupu kwamba kamati inawaonea wivu vijana. Sijakasirika. Najua njaa ya masika, nimeila miaka mingi kabla sijapata kituo cha kudumu. Dola 1,800 si pesa ya kumwambia mtu aiache halafu ukenda zako nyumbani kula.

Ndo mana kamati inaleta mambo mawili mkutanoni mpige kura. La kwanza, tangazo lolote la kazi lisipite grupu la jumuiya mpaka watu wawili wa kamati wawe wamepiga simu, wameuona mkataba, na wameuliza lile swali la juu kuna nani, na mimi mwenyewe nimo kwenye sheria hiyo. La pili, robo ya ada iwekwe mfuko wa masika, mwanachama akopeshwe bila ya riba arudishe kaskazi wageni wakirudi. Mshika fedha ana wasiwasi na hili la pili, atasema mwenyewe, msikilizeni.

Na anaetaka kweli kuwa daiva wa kazi, njia ipo. Kuna vyeti vinavyotambulika, vya HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, na ADAS, mpango wa vyeti vya madaiva wa Australia, ni ghali na ni kozi ya wiki nyingi, si ya siku nne. Yule kijana wa Pemba ameniomba barua ya jumuiya aanze kutafuta udhamini. Nimemwandikia jana, na mwenye kujua mfadhili anitumie namba kabla ya mkutano.