Barua kutoka Raskazone

Raskazone, Tanga

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wote hapo Bagamoyo. Sisi huku hatujambo, kusi imeanza kuvuma na joto limepungua.

Uliuliza kama bado nafundisha watoto tenisi. Nafundisha, tena sasa ndiyo nimenogewa. Uwanja ni ule ule wa saruji, wavu ni kipande cha nyavu za wavuvi, na mipira imenyonyoka hadi inang'aa. Kuna binti wa darasa la sita, anapiga kwa mkono wa kushoto. Upepo ukikaza, anapoanzisha mpira haurushi juu sana kama wenzake, kisha anaushindilia kabla haujapeperuka. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Huyu ndiye nimemsimulia habari za Angella Okutoyi, jirani yetu wa Kenya aliyelelewa na bibi yake Nairobi. Mwaka 2022 alitwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Halafu Machi 2024, kwenye Michezo ya Afrika kule Accra, akamfunga Lamis Alhussein wa Misri seti mbili kwa bila, dhahabu ikaja Afrika Mashariki. Shoga, nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni!

Lakini kuna jambo linaniuma mpaka leo. Dhahabu ile ilikuwa njia ya kwenda Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti kwamba mchezaji awe ndani ya 400 bora duniani. Angella hakuwamo, basi Paris hakwenda. Zheng Qinwen wa China naye alishinda Michezo ya Asia kule Hangzhou mwaka 2023. Yeye alikuwa tayari miongoni mwa vigogo wa dunia, akaenda Paris na akarudi na dhahabu. Siamini kwamba wasichana wetu wamepungukiwa kipaji. Pointi za kupandia hiyo orodha ya dunia zinatafutwa wiki hadi wiki, nchi hadi nchi, na zikitimiza mwaka zinafutika. Bila nauli utazipata wapi?

Ndiyo maana nataka tuanze mapema, na tuanze na Mombasa. Kutoka Tanga ni karibu kuliko Dar es Salaam, unapita mpakani Horohoro tu, na kule wapo watoto wanaocheza kila siku kwenye viwanja vya kweli. Wetu wamezoeana mno, kila mmoja anajua mwenzake atapiga wapi. Wanahitaji kukutana na wageni, wafungwe, warudi tena.

Baba yake binti anasita kumruhusu avuke mpaka. Wewe anakuheshimu tangu ulipomfundisha dada yake, kwa hiyo nakuomba umpigie simu kabla shule hazijafungwa. Nami nashughulikia hati za kusafiria. Ukipata mipira, hata iliyokwisha kutumika, mpe dereva wa basi aniletee.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga