Madurodam haitazamwi kwa kusimama wima

Mhariri,

Ndugu zetu wanaokwenda Uholanzi kusalimia jamaa hupitishwa Madurodam, bustani ya mifano midogo ya majengo mjini The Hague, mbiombio. Wanapiga picha mbili tatu za majengo madogo, wanaondoka. Nawaomba wanaowapeleka watenge angalau saa mbili, na wawaeleze kipimo kabla ya kuingia.

Pale kila kitu kimepunguzwa mara 25. Mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimita 7. Mnara wa Dom wa Utrecht, wenye mita 112 hivi, unabaki karibu mita 4.5. Sasa ukisimama, macho yako yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwa kipimo kile ni sawa na kuuchungulia mji kutoka urefu wa mita 40! Ndiyo maana picha nyingi huonesha mapaa matupu. Piga goti, geuza simu juu chini ili kamera ishuke hadi usawa wa vichwa vya visanamu. Hapo utaona madirisha, vizingiti na barabara jinsi mpita njia anavyoviona. Usisogee karibu mno, kwa sababu majengo ya nyuma yatafifia na picha itaonekana ya mwanasesere. Rudi nyuma kidogo, kisha vuta picha karibu kwa kamera (zoom). Nenda asubuhi au jioni, maana jua la utosi hufuta vivuli na kuta zinaonekana bapa.

Angalieni treni pia. Ile ya kilomita 100 kwa saa, ikipunguzwa, ni kilomita 4 tu, mwendo wa mtu anayetembea. Maji ndiyo hayana dawa, kwani hayapunguziki: kiwimbi cha sentimita 2 kwa meli zile ni wimbi la nusu mita.

Na watoto waambiwe jina limetoka wapi. George Maduro, mzaliwa wa kisiwa cha Curaçao huko Karibi na mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Leiden, alipigana na Wajerumani Mei 1940, akafia kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau Februari 1945. Wazazi wake walitoa fedha za kuanzia, na bustani ikafunguliwa tarehe 2 Julai 1952 kuwa kumbukumbu yake. Mfano wa nyumba alikozaliwa upo pale pale. Kuupita bila kusimama ni kumkosea heshima.

Kutoka Den Haag Centraal, stesheni kuu ya The Hague, pandeni tramu namba 9 ya kuelekea Scheveningen. Kituo kinaitwa Madurodam. Tiketi nunueni mtandaoni mapema.

Msomaji wako,
Dar es Salaam