Mama, usiache dawa ya presha kabla hujaonana na daktari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Dada ameniambia umeacha enalaprili kwa sababu ya kikohozi, na kwamba jirani amekwambia ni moyo unaochoka. Kwenye simu huwa tunakatizana, ndiyo maana nakuandikia. Dawa hizi ndizo ninazowapa watu kila siku kazini, na swali lako la kikohozi naulizwa sana.

Kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, kisichotoa makohozi, mara nyingi ni cha dawa yenyewe. Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili ni ndugu, na zote zina tabia hiyo. Zinazuia kimeng'enya kinachopandisha presha, lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho huvunja kitu kiitwacho bradikinini. Kisipovunjwa kinarundikana, na koo linawasha. Dawa ya kifua haitakusaidia hapo. Kinachofanyika ni daktari kukubadilishia, mara nyingi kwa losatani, na kikohozi huisha taratibu, pengine baada ya wiki kadhaa.

Hata hivyo jirani hakukosea kabisa, ingawa angekuuliza kwanza. Kikohozi kikizidi ukilala chali, ukaamka usiku unatafuta pumzi, na miguu ikavimba, huenda kweli ni moyo. Kwa hiyo daktari akusikilize kifua kabla ya kubadilisha chochote. Na siku midomo au ulimi ukivimba ghafla, usingoje kesho: hospitali muda huo huo, na usiguse tena enalaprili.

Umeuliza kama miguu ya Mjomba inavimba jioni kwa sababu ya figo. Anatumia amlodipini, nayo ni dawa ya presha inayolegeza mishipa midogo, maji yakashuka kwenye vifundo vya miguu. Huenda ni hiyo, lakini apimwe. Akipunguziwa dozi uvimbe mara nyingi hupungua. Ile dawa yake nyingine, atenololi, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: ikiachwa ghafla, moyo unaweza kuanza kwenda mbio na kifua kikauma. Hupunguzwa kidogo kidogo, tena na daktari, si na yeye mwenyewe kwa hasira.

Jambo ambalo hukuuliza: vile vidonge vya magoti. Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, vinapandisha presha, vinashikilia maji mwilini na vinachosha figo. Unaweza kulaumu dawa ya presha haifanyi kazi, kumbe magoti ndiyo yanayoiharibia. Uliza kuhusu parasetamoli badala yake.

Najua utaniambia kichwa hakiumi. Presha haina haja ya kuuma, Mama. Ipime: keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, na usizungumze na Dada mashine inapojaza upepo. Rudia baada ya dakika moja, uandike namba zote mbili.

Wiki hii nenda kliniki na vidonge vyote kwenye mfuko, vya magoti vikiwemo. Mwambie daktari wazi kwamba uliacha na tangu lini. Hatakugombeza, na akikugombeza mwache, la msingi ajue. Dada anitumie picha ya dawa mpya, nizisome kabla hujaanza.

Msalimie Mjomba, na wadogo zangu wote.

Mwanao