Anzeni na Punda: Barua kwa Walimu Wapya wa Sintaksia

Wanangu,

Salamu kutoka Langoni, Lamu. Nimesikia mnabishana ni mkabala upi wa sintaksia, yaani elimu ya muundo wa sentensi, utangulie darasani: sarufi zalishi, inayoeleza sentensi kwa kanuni rasmi, au ule unaosema kwamba sarufi hujengeka kutokana na matumizi. Naomba msianze na wowote kati ya hiyo. Anzeni na sentensi itakayomnyima mwanafunzi usingizi.

Mimi nilikosea miaka mingi. Niliingia na michoro matawi, ile inayoonyesha jinsi sehemu za sentensi zinavyoungana, tangu siku ya kwanza. Wanafunzi waliichora vizuri na mtihani wakafaulu, lakini nilipowauliza kwa nini mama zao husema hivi na si vile, walinyamaza. Kimya kile kinaniuma hadi leo.

Juzi jioni nimeketi barazani, akapita kijana anahema: "Mmemwona punda wangu? Rafiki yangu amemfungua!" Punda wangu, rafiki yangu, kwa pumzi moja. Nomino zote mbili ni za viumbe hai, hazina kiambishi, na kwenye kitenzi zote huchukua a-. Basi huyu wangu na yule yangu wametoka wapi? Andikeni ubaoni, kisha waacheni wabishane.

Wakishachoka kubishana, mleteni Noam Chomsky, mwanaisimu aliyeanzisha sarufi zalishi. Tangu 1957 ametufunza kuuliza pia kile ambacho sikio linakikataa. "Rafiki yangu mpendwa amefika" inapita. "Rafiki yangu mpendwa imefika" haipiti. Kimilikishi "yangu" kimeshika ngeli ya umbo la nomino, kivumishi "mpendwa" kimeshika uhai, na ukishahamia kwenye uhai huwezi kurudi nyuma tena. Hakuna mzazi aliyemkalisha mtoto akamfundisha hilo. Hapo ndipo mchoro matawi unapopata kazi, maana mwanafunzi sasa ana kitu anachotaka kukichora.

Lakini mchoro hautamwambia kwa nini rafiki, na si punda. Kwa hilo mwendeeni Joan Bybee, mwanaisimu wa ule mkabala wa matumizi, aliyeonyesha kwamba maneno yanayorudiwa mno hushikilia umbo la zamani wakati mengine yanabadilika, na hayohayo ndiyo hulika sauti upesi. Sikilizeni: mama yangu, baba yangu, ndugu yangu, jirani yangu. Haya ni maneno ya ujamaa na ukaribu, na kila siku hutamkwa pamoja na kimilikishi. Mengine yameshagandamana kabisa: mamangu, babake, nduguye. "Pundangu" sijaisikia hapa mtaani.

Kisha watoeni nje na madaftari, kwa ruhusa ya wenyewe, sokoni, gatini, jikoni kwa shangazi zao, wakahesabu. (Mtoto wa Amu, yaani Lamu hapa, akisema "ndoo" penye "njoo", mwacheni, hilo ni la sauti, si la sintaksia.) Wapo watakaorudi na "rafiki wangu". Nawasihi, msiikate kwa kalamu nyekundu. Ulizeni nani kaisema, ana umri gani, alikuwa akizungumza na nani, na je, mtu huyohuyo husema "marafiki wangu" au "marafiki zangu"?

Kipindi kinachofuata, anzeni na hii: "Marafiki zangu wapendwa wamefika." Ma-, z-, wa-, alama za ngeli tatu juu ya nomino moja. Wapeni saa nzima, na chaki muwaachie wao.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Langoni