Barua kwa mwanangu: kazi usiache kwanza

Mwanangu Hemedi,

Assalaam aleikum. Dada yako kaniambia unaacha kazi uchapishe kitabu chako cha mchezo, ule wa mezani wa kurusha dadu na kujifanya watu wa nchi ya kubuni. Barua umeshaipeleka kwa bosi? Kama bado, ngoja.

Nimesoma ulichonitumia. Sikufichi, nimejivuna, ile ramani umeichora kama umezaliwa huko. Lakini nimepita wafalme kumi na tisa na miezi ambayo ulimi wangu hauiwezi, na bado sijui huyo aliyeshika dadu afanye nini. Wewe nawe ukieleza jambo sharti uanzie kwa Adamu.

Huyo profesa Barker wa huko huko Minnesota, uliyekuwa ukinihadithia mpaka vocha inakata, hakukufunza? Tékumel yake, dunia ya kubuni ya mchezo kama wako, ilitolewa na kampuni ya TSR 1975, mwaka mmoja tu baada ya ule mchezo maarufu wa Dungeons & Dragons. Ina lugha yake na hati yake. Farasi hakuna, chuma adimu, deraya ni za ngozi ya mnyama. Umati ukaenda kwa kina Gygax, waliotunga hiyo Dungeons. Kule mtu anakuta majoka na wachawi wa hadithi za utotoni, jioni hiyo hiyo anacheza. Kwa Barker, hata anayeendesha mchezo anaogopa kukosea mbele ya wajuzi, seuze mgeni. (Ile riwaya yake yenye itikadi ya Kinazi, iliyokuja kukiriwa 2022 kuwa ni yake, imekimbiza wengine, lakini wageni walikuwa haba tangu zamani.)

Na mlango aliuweka mwenyewe! Wachezaji wa Tékumel wanaanza kama washamba walioshuka chomboni bandari ya Jakálla, hawajui mila wala miungu, wanajifunza wakitembea. Hilo ungeliiga. Wewe umeiga kamusi.

Nani ameucheza mchezo wako bila wewe kukaa pembeni ukimsahihisha? Jirani zako hapo? Wape kijiji kimoja chenye balaa lake, kurasa chache, kisha uwapishe. Wakirudi wenyewe wiki ya pili, hapo tuzungumze habari za kazi. Sijasema usichapishe. Nasema mshahara usiuachie kabla hujampata hata mtu mmoja asiye rafiki yako.

Bibi yako hajambo, presha imeshuka, ila chumvi anaiba. Paa la uani limeoza, fundi anataka nusu ya pesa kabla ya vuli. Sikuombi, nimeshaongea na mjomba wako. Bati za zamani nimemwambia asizitupe, zitafaa banda la kuku.

Mama yako