Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mfuko wa nauli kwa wenzetu wanaofuata matibabu ya mionzi ya saratani mbali na kwao umeendelea, na wenye madeni ya ada nitazungumza nao mmoja mmoja.

Nitakaa kwenye jambo moja. Mwaka huu, karibu kila tulipokutana, kuna mama aliyeuliza: "Nilikosa nini hata nikapata saratani ya mlango wa kizazi?" Wengine waliulizwa hivyo na mawifi zao. Ndiyo maana tulimwalika mtaalamu wa maabara atueleze kirusi cha papiloma, kinachosababisha saratani hii, kinafanya nini ndani ya seli. Nataka maelezo yake yabaki kwenye kumbukumbu za chama.

Kirusi hiki kina jeni nane hivi tu. Hakina mitambo yake ya kunakili vinasaba, hutegemea ya seli. Lakini seli za tabaka za juu za mlango wa kizazi zimeshaacha kugawanyika, mitambo imezimwa. Hapo protini ya kirusi iitwayo E7 huing'ang'ania Rb, protini ya seli ambayo ndiyo breki. Breki ikiachia, seli huanza tena kujinakili.

Seli ina mlinzi, p53. Akiona vurugu kama hiyo huisimamisha seli, au huiamuru ijiue. Protini ya pili ya kirusi, E6, haimuui mlinzi huyu yenyewe. Inashikana na kimeng'enya cha seli, na p53 inabandikwa alama ile ile inayobandikwa protini chakavu, kisha inasagwa na mtambo wa taka wa seli. Mlinzi anatupwa jalalani na watu wa nyumba aliyokuwa akiilinda! Hili lilionyeshwa maabara mwaka 1990, na mimi nilipolisikia sikulala.

Watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata kirusi hiki wakati fulani, hata mke asiyemjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe. Kwa walio wengi kinga ya mwili hukidhibiti ndani ya miaka miwili hivi. Kwa wachache hubaki miaka mingi, mara nyingi vinasaba vyake vikajichomeka kwenye vya seli, E6 na E7 zikazalishwa bila kizuizi. Mama, hukukosa kitu.

Seli zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mwenye saratani hii aliyefariki Baltimore mwaka 1951, zina kirusi hiki cha aina ya 18 na bado zinakua katika maabara duniani. Watafiti walipozizima E6 na E7 ndani yake, p53 na Rb zilirudi kazini, seli zikaacha kugawanyika. Walinzi hawakuwa wameharibika, walikuwa wakisagwa kila walipozaliwa.

Chanjo ya kirusi hiki wanayopewa mabinti zetu nchini Tanzania tangu 2018 ina protini ya ganda la kirusi tu, haina E6 wala E7. Humzuia mgeni mlangoni, haimtoi aliyekwisha kuingia. Kwa hiyo hupewa wangali wadogo, na sisi wakubwa tusikose kipimo cha mlango wa kizazi.

Naomba mkutano upitishe kwamba mwakani somo hili litolewe kwa waume, mawifi na wakwe zetu, na nauli ya mtaalamu itoke mfuko wa elimu.