Risala ya kikundi cha tuliopona TB kwa mgeni rasmi, Machi 24, Mbeya

Mheshimiwa mgeni rasmi, Profesa wetu na mama yetu,
Mheshimiwa diwani, mratibu wa TB na ukoma, mwenyekiti wa mtaa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanakikundi wenzangu na wageni wote, wakubwa shikamoni na wengine habari za saa hizi.

Kabla sijaenda mbali naomba niseme kwamba ntasoma taratibu na kuna mahali ntanyamaza kidogo, msishtuke, sijapotea mstari, ni pumzi tu, na pumzi ndo iliyotukusanya hapa leo.

Mgeni rasmi, sisi wote tuliokaa upande huu tuliugua kifua kikuu tukamaliza dozi. Wapo mama lishe, wapo wakulima wa viazi, madereva bajaji, na wapo vijana waliokuwa wanachimba dhahabu kule Chunya ambao vumbi la mawe liliwaanza kifuani kabla hata mdudu hajaingia. Tulijuana kwenye benchi la kliniki tukisubiri vidonge, miezi 2 ya mwanzo dawa 4 kwa mpigo halafu miezi 4 dawa 2, mkojo rangi ya chungwa mpaka unaogopa kwenda choo cha jirani, na pale kwenye benchi ndo tukaanza kuchangishana nauli kwa mwenzetu aliyekosa. Hicho ndo kikundi chenyewe, hakikuanza na katiba.

Leo ni siku ambayo mwaka 1882 Daktari Robert Koch alisimama Berlin akatangaza amemwona mdudu wa TB kwa darubini. Hilo watu wengi wanalijua. Lisilosemwa sana, na sisi linatupa fahari, ni kwamba Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na kazi aliyoifanya Daktari Karel Styblo hapa hapa kwetu pamoja na wauguzi wetu, ya mgonjwa kusimamiwa anapomeza dawa na kila jina kuandikwa kwenye rejista mpaka mwisho wa dozi, ndo ikaja kuwa mfano ambao WHO iliupeleka dunia nzima miaka ya 1990 ukaitwa DOTS. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba huku kwetu hakuna sayansi ya TB, ilianzia kwenye mabenchi kama lile letu.

Profesa, sasa nije kwako. Sisi hatujasoma hiyo imunolojia yako, tunajua tu ni elimu ya kinga ya mwili, ila ulipokuja mara ya kwanza ulitusimulia maisha yako ya kazi na hatujasahau. Ulisema ulianza kama binti wa maabara, unapaka makohozi kwenye kioo, unayachemshia rangi, unahesabu vidudu vyekundu kimoja kimoja mpaka shingo inauma, na swali lililokupeleka shule tena likakufikisha nchi za watu ni hili, kwanini wagonjwa wawili wenye mdudu yule yule, dawa zile zile, mmoja anapona anarudi kubeba magunia na mwingine anapona lakini hawezi kupanda ngazi? Ukasema miaka yako yote umekuwa unalizunguka swali hilo moja. Kwa kweli siku ile wengi tulilia, kwa sababu yule mwingine wa kwenye swali lako ni sisi.

Na naomba niseme mbele ya wageni jinsi ulivyotuelewesha, maana hata mume wangu nilimrudia nalo akaelewa. Uliomba ungo. Ukaweka harage moja katikati, ukasema huyu ndo mdudu wa TB, halafu ukachukua mahindi ukayapanga punje kwa punje kulizunguka lile harage, ukasema hawa ni askari wa mwili, wale wakubwa wanaommeza mdudu wanaitwa makrofeji, na wakishamzingira hivi inatokea kifundo kidogo kwenye pafu kinaitwa granuloma, watu wengi sana duniani wanaishi na mdudu aliyefungiwa hivyo na wala hawaumwi. Ukayatoa mahindi machache, ukatikisa ungo, harage likatoka likakimbilia ukingoni. Hapo tulielewa bila kuambiwa, kinga ikishuka mdudu anatoka. Lakini ukalirudisha harage, ukamimina mahindi mengi, gunia kama lilivyo, yakalifunika lote, ukatikisa tena, mahindi yakamwagika chini kila upande na harage likaporomoka nayo. Ukasema hiyo ndo inflamesheni iliyozidi, mwili kuwaka kwa ndani, askari wengi mno wanamwaga sumu zao zinakula nyama ya pafu lenyewe, linabaki tundu, na mdudu bado anatoka vilevile.

(Hapa navuta pumzi. Asanteni.)

Tulidhani ni mfano wa kuturidhisha tu, kumbe ni kitu kimepimwa. Ulitutajia mwenzako Profesa Lalita Ramakrishnan, mama aliyesomea udaktari kwao India kisha akafanya utafiti Marekani na baadae Cambridge kule Uingereza, anatumia samaki wadogo wenye mistari ambao wakiwa vichanga miili yao ni kama kioo, unaona askari anameza mdudu huku samaki yuko hai, na mdudu wanayemtumia ni ndugu wa huyu wetu, ni TB ya samaki. Mwaka 2012 timu yake ikaonesha kwamba ile kemikali ya kuwasha moto mwilini mnayoita TNF ikiwa ndogo mdudu anashinda, na ikiwa nyingi kupita kiasi askari aliyemmeza mdudu anakufa, mdudu anamwagika nje anazaliana vizuri tu. Pande zote mbili ni hasara. Na ukatukumbusha jambo ambalo sisi tuliokaa wodini tuliliona kwa macho bila kujua maana yake, kwamba wenzetu wenye VVU ambao kinga imeshuka sana, mara nyingi eksirei zao hazioneshi yale matundu makubwa, kwa sababu askari wa kuyachimba hawapo. Yaani tundu langu mimi upande wa kulia juu, nililochimbiwa na mwili wangu mwenyewe ukinipigania! Sijui nikuelezeje, lakini kulijua hilo kulinipunguzia mzigo, nilikuwa najiona mzembe kwamba labda nilichelewa kumeza dawa.

Sasa changamoto. Mgeni rasmi, ukimaliza dozi makohozi yakionekana safi unaandikiwa umepona na jina linafungwa kwenye rejista. Mimi nililifurahia lile neno, nilichinja kuku. Miezi kadhaa baadae nabeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani nasimama mara nne kwa njia ambayo nilikuwa naimaliza nikiimba. Nikaenda zahanati moja, naomba nisiitaje, nikaambiwa TB imerudi, nikaanzishiwa dawa upya bila makohozi kuonesha kitu, nikameza, nikatapika, masikio yakawa yanalia, na pumzi haikuongezeka hata kidogo. Wapo wenzangu humu yaliyowakuta ni hayo hayo, na wapo walioambiwa ni pumu, ni moyo, mmoja wa Chunya aliambiwa karogwa na ndugu zake wakauza ng'ombe.

Ni kwenye utafiti ndo wengine wetu tulipuliza kile kimashine cha kupima pumzi kwa mara ya kwanza, unabana pua, unavuta hewa yote, halafu puliza puliza puliza usikate, muuguzi anakushangilia kama uko uwanjani, na karatasi inatoka na mstari. Tunashukuru kwamba utafiti mkubwa wa mapafu baada ya TB, ule wa TB Sequel ulioanza 2017, Mbeya yetu ilikuwemo pamoja na Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini. Na mwaka 2019 wataalam wakakutana kule Stellenbosch kwa mara ya kwanza kuzungumzia hili tu, maisha baada ya TB. Toka Koch mpaka hapo ni miaka 137. Sisi hatulaumu mtu, ila tunasema ilichukua muda.

Kwa hiyo maombi yetu, na tunayaleta kwako wewe mwenye sikio la watafiti na la wizara.

Tunaomba kile kipimo cha kupuliza kiwepo kliniki ya TB, mtu apimwe siku anamaliza dozi, hata kama hakuna dawa ya kurudisha pafu, ajue anaenda nyumbani na pumzi kiasi gani na asije kupewa dawa za TB bila sababu kama mimi.

Tunaomba utafiti wako wa kutuliza huo moto usiishie njiani. Tunasikia habari za chanjo mpya ya M72, ile iliyojaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini ikaonekana kupunguza wanaougua kwa karibu nusu, tunafurahi kwa ajili ya watoto wetu maana chanjo iliyopo, BCG, ni ya toka 1921. Ila sisi chanjo imetupita. Dawa ya kutolewa pamoja na zile 4, ya kuwapooza askari bila kuwafukuza, hiyo hata kama itawakuta wajukuu tu, damu yetu na makohozi yetu chukueni, tutakuja saa 1 asubuhi kama siku zote. Tunachodai ni kwamba majibu yakitoka mrudi mtusomee kwa Kiswahili, na ungo upo.

Na la mwisho, binti wa mwenzetu marehemu, tuliyemzika akiwa na karatasi ya kwamba kapona, yupo kidato cha sita hapo nyuma, kavaa sweta ya kijani, anasoma masomo ya sayansi na anasema anataka kufanya kazi unayoifanya. Simama mwanangu mgeni rasmi akuone. Mama, tunaomba ukitoka hapa uongee nae.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.